Kombe Limekuja Jumamosi

Mpendwa Tata, baba yangu,

Nina habari za timu yako ya Uingereza. Najua ulizoea kupata mwisho wa mambo bila mwanzo, lakini leo utanivumilia.

Kila Jumamosi, mpira ulipoanza saa kumi na moja jioni, wewe mzee wa kanisa ulikuwa umeketi sebuleni hapa Kiogoro, viatu vya ibada bado miguuni, redio mbele yako imefunikwa kitambaa. Sabato huisha jua likizama, na kwa kalenda ya kanisa hiyo ni saa kumi na mbili na nusu na ushee. Kabla ya hapo, hakuna mpira. Uliitazama saa ya ukutani bila kupepesa macho. Ng'ambo ya ua, jirani yetu Makori, Mkatoliki mwenye televisheni, akapiga kelele.

"Hiyo sauti ya Makori ni ya furaha ama ya uchungu?" uliniuliza.

"Tata, ni Sabato."

"Mimi sijauliza mpira. Nimeuliza hali ya jirani."

Basi miaka yote hiyo uliishabikia timu kwa nusu saa ya mwisho ya kila mechi. Historia yake uliijua kuliko wenyewe, hadi kombe la mwisho walilochukua kabla hujamwoa mama. Lakini wachezaji uliwajua kinyume. Wale wa akiba, wanaoingia wenzao wakichoka, ndio uliowaita nguzo za timu. Yule mshambuliaji ghali ulishikilia kwamba ni hewa tupu. "Sijawahi kusikia akigusa mpira," uliwaambia watu kwenye kituo cha majani chai. Kumbe alikuwa ameshafunga mawili na kupumzishwa kabla hujafunua redio. Hakuna aliyekuwa na roho ya kukueleza. Makocha nao walikusikitisha: "Wanafukuza kocha kabla mahindi hayajaiva! Wangekuja kwa baraza letu wajifunze subira." Baraza ambalo lilikuwa mwaka wa pili likijadili rangi ya milango ya kanisa.

Mwaka huu, ukiwa umelala kaburini pale karibu na migomba, wakaingia fainali. Jumamosi, saa kumi na moja. Ningeweza kuitazama mjini, na sitakuficha, Jumamosi zangu za huko hazifanani na zako. Lakini hili kombe ulilingoja miaka yote ya ndoa yako. Nilitaka tulisikie kwa njia yako ama tusilisikie kabisa. Nikaja nyumbani, nikaketi na mama, tukangoja. Saa ya ukutani ilipofika wakati wa machweo, nikanyoosha mkono kwenye kitambaa.

"Acha," mama akasema. "Hiyo saa inadanganya."

"Inadanganya vipi?"

"Niliisogeza mbele dakika tano ukiwa darasa la tatu. Baba yako alikuwa anaiangalia kama mgonjwa anayengoja daktari. Nikashindwa." Kisha akajitetea haraka: "Waingereza wenyewe husogeza saa zao kila mwaka na hakuna kanisa linalowatenga!"

Ikanibidi niungame. Mimi pia niliisogeza tano, nikiwa kidato cha pili. Mama alinitazama kama anayetafuta kiboko. Nikatoa simu tulinganishe.

Saa ilikuwa mbele dakika kumi na tano.

Mama tano, mimi tano. Tukainua macho kwenye picha yako iliyo chini ya saa.

"Leo tutangoja jua la kweli," mama akasema. Tukangoja. Katikati ya kungoja, Makori akapiga yowe, kuku wetu wakatawanyika.

"Hiyo ni ya furaha ama ya uchungu?" mama akaniuliza.

"Mama!"

"Naulizia hali ya jirani."

Tulipofunua redio, timu yako ilikuwa mbele bao moja, na ikabaki hivyo hadi filimbi. Kombe ni lako, Tata. Bao lilifungwa ndani ya zile dakika kumi na tano, na aliyefunga ni yule hewa wako, kisha akapumzishwa. Kwa saa yako ya uongo ungemsikia, mara moja hiyo. Sisi tuliokuwa waaminifu tulilikosa. Mama aliomba sala ndefu ya shukrani bila kutaja ni ya nini.

Jumapili asubuhi aliniagiza niirekebishe saa. Nikapanda kwenye kigoda. Nimerudisha tano za mama na tano zangu.

Zako nimeziacha.

Pumzika, Tata. Sasa huenda kocha huyu wakamwacha hadi mahindi yaive.

Mimi mwanao, aliyekuwa akikuanikia betri za redio juani