Pipa Jipya Limefungwa Kufuli

Katesh, Jumatano jioni

Eti lisichafuke! Mtaa umeletewa pipa kubwa la taka, na mwenyekiti wetu amelifunga kufuli mpaka mgeni rasmi aje kulizindua kesho.

Leo ametuamuru tusafishe mtaa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Sasa taka tuzitupe wapi?"

"Marahaba. Kwani mama, mtaro huuoni?"

Basi tukazimwaga zote mtaroni, hatua mbili kutoka kwenye pipa tupu linalonukia rangi. Na mimi nilimwaga, makarai matatu.

Sasa wingu limefunika mlima. Mvua ikinyesha, maji yatakosa njia, na nyumba ya kwanza chini ya mtaro ni yangu.

Risala ya kumshukuru mgeni nitasoma mimi. Nimeshaiandika. Kufuli sijalitaja.