Sahani Moja na Mama Kemunto

Nyamache, Agosti 1994

Kwako Kaka Bosire,

Huku tunapumua. Mvua ya mawe imechanachana majani chai, lakini migomba imesimama, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Sabato iliyopita Mama Kemunto alipitia kwetu akitoka kanisani. Tangu binti yake auawe nyuma ya bweni, pale chuoni mlikosoma pamoja, hakuwahi kukanyaga hapa. Nilifurahi, kaka. Nikasonga ugali wa wimbi, nikapika mboga ya chinsaga, nikawatengea yeye na Mama sahani moja.

Mama hakunawa. "Nimeshiba," akasema, na tangu asubuhi hakuwa ameonja hata chai. Mama Kemunto akamega tonge, akamngoja. Mama akaisukuma sahani upande wake.

Mila yetu unaijua: watu wa muuaji hawali na watu wa marehemu mpaka watakaswe. Mama Kemunto alirudisha tonge lake, akaniuliza mimi, "Bosire anaishi wapi siku hizi?"

Ulimwambia Mama lini, kaka? Mimi nimejulia kwenye sahani. Nikamtajia Mombasa, Changamwe, hata shule unayofundisha. Jana alikwenda polisi, na Mama akamfuata kwa miguu yake mwenyewe.

Dukani kwa Indravadan kuna simu, na ningekupata leo hii. Nimeamua kuandika, kwa sababu barua huchukua wiki nzima kukufikia, na polisi wanasafiri kesho.

Ni mimi dadako uliyemsomesha,
Nyanchoka