Makuti ya Juu ya Kitanda

Baleni, Mfunguo Sita 1327

Kwa kaka yangu Hemedi bin Matano, aliyeko Unguja, Mwenyezi Mungu amhifadhi.

Shikamoo kaka. Salamu hizi zikukute umeamka salama na umekula ukashiba, wewe na wifi yangu na wanangu wote. Huku hatujambo. Shangazi Mwanasiti miguu inamuuma, lakini ulimi haumuumi hata kidogo, na anakusalimu sana. Muhogo mwaka huu umekubali. Leso uliyompa nahodha imefika. Shangazi anasema rangi yake inapiga kelele, nami naivaa kila siku ili asikose la kusema.

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, nawe hati yangu unaijua tangu chuoni, vumilia. Mwalimu alikuwa radhi kuniandikia, lakini haya si mambo ya kumsomea mtu wa heshima ayatie wino. Isome peke yako kwanza, kisha ukipenda umsomee wifi.

Umeniuliza habari za Sleyum bin Hilal, na umeniambia tena nimwachie Mungu. Kaka, nakuheshimu, lakini wewe hukuwepo. Unajua kwamba aliiezua nyumba yetu, na unajua sababu aliyoitangaza, kwamba makuti ya paa letu yalitoka kwenye minazi yake. Nani Baleni hajui kwamba kuti likishaanguka ni la aliyeliokota? Babu aliokota, baba aliokota, na Hilal mwenyewe, baba yake huyu, alikuwa akiwaona na kuwaamkia. Sababu ya kweli ni kwamba mama alikataa kumuuzia kiwanja chetu, maana kiko mbele ya nyumba yake na alikitaka kiwe uga wake.

Lililobaki sikukuandikia wakati ule, kwa kuwa ulikuwa mbali na ningekutia wazimu bure. Siku walipokuja mama alikuwa kitandani na homa, na jua la kaskazi lilikuwa utosini. Watu wake walipanda na visu wakaanza kukata kamba. Mama akainua kichwa akamwomba Sleyum jambo moja tu, ambakishie makuti ya juu ya kitanda mpaka homa imwachie, mengine yote achukue kwa amani. Sleyum akajibu kwamba nyumba haiezuliwi nusu, akawaamuru wamalize. Nilisimama na leso yangu juu ya uso wa mama, mikono ikanichoka, mpaka Chiku na mumewe walipokuja tukambeba kwenda kwao. Nilikuandikia kwamba mama alikufa kwa homa. Ni kweli ilikuwa homa. Lakini jua lile silisahau, na Sleyum sijamsamehe wala sina nia.

Sasa sikiliza. Kila paa lina siku zake. Paa la Sleyum lilianza kuvuja masika ya mwaka juzi, akatuma watu kutafuta wanawake wa kumshonea makuti mapya. Mimi nikazunguka kwa wenzangu, nyumba kwa nyumba, sikuwaambia neno la uongo. Niliwaambia wamshonee wakitaka, ila wajue kwamba mwenye minazi akishadai paa la jirani yako, na lako analihesabu. Kila mmoja alitazama juu ya kichwa chake mwenyewe, kwa sababu hakuna nyumba hapa isiyokuwa na makuti ya minazi ile. Somoe alisema mgongo unamuuma. Chiku alisema ana msiba, na msiba wenyewe ulikuwa wa mama yetu. Makuti ya Sleyum yalioza ugani bila mshonaji.

Nikasikia kwamba anataka kuita wanawake wa kisiwani Bwejuu kwa mchele. Hapo nikaona nikizubaa nitamwona tena amelala kivulini, nikaenda kwa mkewe, Bi Zuleikha, nikiwa na kitoweo mkononi na adabu nyingi kama siku ya posa. Nikamsifu mume wake. Nikasema mtu wa cheo kile kulala chini ya majani kama sisi ni aibu yetu sote, na kwamba nimesikia matajiri wa Chole wameanza kuezeka mabati yanayong'aa hata mtu akiwa ghubani anayaona. Sikusema zaidi. Kaka, mwenye majivuno humpi sumu, unampa sifa. Kabla ya vuli mashua ilileta mabati kutoka Chole, wachukuzi wakayabeba kwa nyimbo, na Sleyum akatembea mbele yao kama bwana harusi.

Paa la zamani, ambalo babu yake aliliezeka nene mpaka mchana wa kaskazi mle ndani unatafuta shuka, aliling'oa lote akalichoma moto. Mimi nilikaa kwenye mlango wa nyumba yetu isiyo na paa nikatazama.

Kaskazi ilipoingia, nyumba ile ikawa tanuri. Ukigusa kitasa cha mlango adhuhuri unaruka. Bati linalia peke yake likipata jua, na mvua ikinyesha, huyo anayesoma Yasini hasikiki na aliyekaa ubavuni mwake. Wazee waliokuwa wakijazana barazani kwake kila alasiri wakaanza kupata udhuru, huyu ana mgeni, yule ana shamba. Baraza ikahamia kwa Kombo, mwenye paa la makuti kuukuu na kahawa chungu. Sleyum akamwagia bati maji, likatoa mvuke. Akatandaza majamvi juu yake, upepo ukayapeleka shambani kwa watu. Nazi nazo zikawa zinaanguka na kulibonyeza, basi kwa hasira akaikata minazi yote iliyoizunguka nyumba, na kile kivuli kidogo kilichobaki akakiua kwa shoka lake mwenyewe.

Muda wote huo mimi nilikuwa nikiokota makuti ya minazi yetu michache ya nyuma ya kisima, moja moja, nikishona jioni. Nyumba yangu ilipokamilika nikajenga banda la mbuzi kwenye kiwanja kile kile alichokitaka, mbele kabisa ya dirisha lake. Halina kuta, upepo unaingia huku unatokea kule, na paa nililishindilia makuti kuliko la nyumba yangu. Watu walinicheka. Mbuzi wangu walilala wakicheua, na Sleyum aliwatazama kutoka dirishani huku akijipepea.

Mwezi uliopita akashikwa na homa. Bi Zuleikha akanijia analia, akaniambia mgonjwa hapati usingizi wala pumzi mle ndani, kwa watu vyumba ni vidogo vimejaa watoto, na yeye mwenyewe kutwa anaonyesha dirishani na kusema apelekwe pale walipolala mbuzi. Shangazi aliniambia nikatae. Mimi nikasema waje. Niliwatoa mbuzi, nikafagia, nikatandika jamvi safi. Wakamleta na kitanda chake. Alilala mchana kutwa bila kushtuka, na Bi Zuleikha alinishika mikono akaniombea pepo.

Haya sasa ndiyo yaliyonifanya nikuandikie, kaka, na ukiona vibaya, basi. Siku ya pili, jua lilipofika utosini, nilichukua kisu nikapanda juu ya banda. Nikaanza kukata kamba. Nilianzia upenuni, kuti baada ya kuti, nikawa nayatupa chini pale anapoyaona. Bi Zuleikha alipiga kelele kwamba huyu ni mgonjwa, nimwogope Mungu. Nikamjibu kwamba hata mama alikuwa mgonjwa. Watu walikusanyika, na hakuna aliyenishusha. Sleyum alifumbua macho akanitazama, akajua. Hakuomba kitu, maana alijua ni lipi la kuomba na ni nani aliyeliomba kwanza.

Niliezua banda zima, kaka, isipokuwa pale juu ya kitanda. Pale nilipabakisha kama palivyokuwa, hata kamba moja sikuigusa. Jua likawa linawaka pande zote, yeye yuko katikati kwenye kivuli chenye ukubwa wa kitanda chake. Nikashuka, nikamwinamia, nikamwambia kwa sauti ya kusikika na wote: tazama juu, Bwana Sleyum, nyumba huezuliwa nusu.

Akageuza uso akalia. Watu wanasema nilimhurumia. Waache waseme. Sikubakisha kwa huruma. Nilibakisha ili kila atakapofumbua macho aone kwamba lile la mama liliwezekana.

Homa imemwachia, amerudi chini ya bati lake. Simwombei kifo. Namwombea umri mrefu, na kaskazi zisizokwisha.

Mbuzi tu ndio niliowadhulumu, na banda lao nimeanza kulishonea upya. Chiku na Somoe wananisaidia. Ukija, kiwanja chetu utakikuta palepale.

Msalimie wifi, uwabusu watoto, na umwambie mdogo wao kwamba shangazi yake amemwekea mwanambuzi mweupe. Shangazi Mwanasiti anasema leso nyingine iwe ya rangi ya kunyamaza. Wewe leta nyekundu.

Ni mimi ndugu yako,
Arafa binti Matano