Mzee Johnstone Apondi: Jina Lako Tumelifuta Ubaoni

Mzee wetu, leo mwaka umetimia tangu ulipotuacha, na tuna jambo la kukuambia kabla hujalisikia kwa wengine: jina lako tumelifuta kwenye ubao wa kanisa. Tulia kwanza tukueleze.

Ubao wenyewe unaujua. Ni ule mweusi nyuma ya mlango wa kanisa letu pale mtaani Langas, ambao kila Jumamosi saa kumi uliuosha na kuandika zamu za kesho yake kwa chaki: nani atasoma Neno, nani atafagia, nani atachota maji, wagonjwa watatembelewa na nani. Miaka ishirini na sita ya kusimamia zamu katika kiwanda cha nguo ilikufundisha kwamba mashine moja ikikosa mtu, kitambaa chote kinaharibika, na elimu hiyo ukaileta kanisani. Watu walinung'unika. Kina mama wa kutoka Nyeri walisema huyu mzee wa ziwani anatuendesha kama vibarua. Lakini walikuja, wakakaa benchi moja na watu wa Siaya na Busia, wakaimba kutoka kitabu kimoja. Ulipenda kusema kwamba Mungu hakuona haya kupanga siku saba, sisi ni nani tushindwe kupanga saa mbili.

Tulikupenda hata ulipotuchosha. Koti lako la kijivu, baridi au jua. Kile kipande cha plau ya trekta ulichokitoa Ainabkoi ukakitundika kiwe kengele. Saa tatu kasorobo ulikigonga kwa nondo, na saa tatu ibada ikaanza, hata kama ndani ni wewe, mkeo Mama Seline na paka wa mlinzi. Muchiri mwenye duka la misumari alipoingia amechelewa, ulimsogezea kiti mbele kabisa, polepole, watu wote wakiona. Ni wewe pia uliyempelekea uji alipolazwa, siku tisa mfululizo.

Tuliporudi kutoka Ugenya kukuzika, wazee wa kanisa waliamua ubao usiguswe. Ukabaki kama ulivyouandika wiki yako ya mwisho, na juu kabisa: "Ufunguo na kengele – Mzee Apondi." Sisi jamaa yako tulifurahi. Mama aliutundika ufunguo kwenye msumari chini ya picha yako sebuleni, tukaona kweli umeheshimiwa.

Hapo ndipo tulipokosea. Aliyekuja Jumapili kuchukua ufunguo alimkuta Mama akilia, akaona aibu, na wiki iliyofuata hakuja. Mlango ukawa unafunguliwa saa nne, mara saa tano. Kengele hakuna aliyethubutu kuigonga, maana si zamu yake. Nangila, muumini mwenzetu, alifagia miezi saba kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa ubaoni, hadi akachoka akahamia kanisa lingine. Waliochoka kusimama nje wakaanza kuomba kwenye veranda za watu, Wakikuyu kwao, Waluo kwetu, vijana na spika zao huko waliko. Kila veranda ilimwimbia Mungu yule yule, na hakuna aliyejua kama mwenzake anaumwa.

Aliyegundua ni Rosebella, binti yako mkubwa. Alikuja kutusalimia kutoka Kesses, anakofundisha na kusali, akaambiwa na jirani kwamba Mama Kabura, mjane wa kanisa letu, yuko kitandani. Alimkuta amevunjika nyonga, wiki ya sita hiyo, na hakuna mtu wa kanisa aliyefika kumwona.

"Kila Jumapili nilikuwa nasikiliza ile kengele," Mama Kabura akamwambia. "Nikaona hailii, nikasema basi, kanisa walifunga. Hata sikukasirika, mama."

Rosebella alikasirika kwa niaba yake. Akaenda moja kwa moja dukani kwa Muchiri, kwa sababu ubaoni wagonjwa walikuwa wa Muchiri na wewe.

"Imeandikwa mimi na Mzee," Muchiri akajitetea huku akipanga misumari iliyokwisha pangwa. "Sasa ningeenda na nani? Ningeweka nani kwa nafasi yake?"

Rosebella akatoka dukani akijua tatizo ni ule ubao. Jumamosi aliingia sebuleni akautoa ufunguo msumarini. Mama Seline akasimama mlangoni.

"Unaenda kumfuta babako?"

"Naenda kuosha ubao, Mama. Yeye mwenyewe alikuwa anauosha kila Jumamosi."

"Hiyo ni maandishi ya mkono wake. Imebaki hiyo tu."

"Na Mama Kabura amelala wiki sita kwa sababu ya hiyo maandishi."

Mama akampisha mlangoni. Rosebella akaenda, na tusimsifu kupita kiasi: alifuta majina yote, lakini alipofika mstari wa juu mkono ukakataa. Alisimama pale, kitambaa kikichuruzika maji hadi viatu vikalowa. Kisha akasikia mtu nyuma yake. Ni Mama, amejifunga leso yake ya kanisani.

"Leta hicho kitambaa," akasema.

Ni mkeo aliyekufuta, Mzee. Alilia, na hakuacha. Halafu Rosebella akaandika mahali pale pale: "Ufunguo na kengele – Muchiri."

"Mimi? Mtu wa kuchelewa?" Muchiri akashangaa alipoletewa ufunguo.

"Na ukiwa nao wewe, utachelewa kwa nani?" Rosebella akamuuliza.

Kesho yake saa tatu kasorobo plau ililia Langas nzima. Watu walitoka kwenye veranda zao na vitabu mkononi, wengine mbio, na Muchiri alikuwa mlangoni amevaa tai. Mama Kabura anasema aliisikia akiwa kitandani, akasema peke yake, "Kumbe wako." Alasiri hiyo Muchiri na mwanao Byron wakaenda kumtembelea.

Tangu siku hiyo hatujachelewa, na hatuna nia ya kuchelewa. Kumwabudu Mungu pamoja kunataka mtu wa kufungua mlango, na kumtumikia jirani kunataka jina na siku. Ulituambia hivyo miaka yote, tukadhani ni ukali wako tu. Jumapili hii hakutakuwa na hotuba za kukusifu. Ibada ni ile ile, saa ile ile.

Wanaokukumbuka ni mkeo Seline, ambaye wiki hii zamu yake ni kumtembelea Mama Kabura. Rosebella, aliyehamishia ibada yake kwetu, atasoma Neno. Byron atachota maji. Na Lennox, kitindamimba wako, atafagia, na ameambiwa afagie hadi chini ya mabenchi.

Hututoki moyoni, Mzee. Saa tatu tutakuwa ndani.