Ndama Aliyenyonya Kidonda Chako

Bibi,

Shikamoo. Najua huitikii, ila kuanza bila shikamoo nimeshindwa.

Hapa Kibakwe mahindi yamevunwa, na yule ng'ombe wako mwekundu amezaa. Mimi ni yuleyule. Mwalimu akiuliza kitu, jibu ninalo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, lakini naishia kuangalia dawati.

Ninachotaka kukuuliza ni ile mashine. Kidonda chako cha mguu tulikiosha muda mrefu kwa maji ya chumvi, na ugonjwa wa sukari haukukiacha kipone. Ndipo kule Dodoma wakakiwekea sponji, wakafunika kwa plastiki, wakaunganisha mrija na kimashine cha kuvuta uchafu kuingia kwenye kopo. Ukakisikiliza kikikoroma, ukasema, "Huyu ndama. Mwacheni anyonye." Plastiki ikibanduka, mashine ikapiga kelele, unamwita nesi: "Mwanangu, ndama kaachia chuchu." Wodi nzima inacheka. Hata mimi.

Halafu ukafa. Bibi, hapo ndipo sielewi. Kidonda kilikuwa kinajaa nyama nyekundu, kingo zinasogeleana. Daktari akasema ni moyo, kidonda hakihusiki. Sasa mtu anaponaje huku anakufa? Nimelifikiria kwa lugha zote mbili, halikai.

Na utani wako umegeuka. Mjomba Yohana naye sukari imemtoboa kisigino. Hospitali wanataka kumwekea mashine ileile, akakataa. "Si mama mwenyewe alisema ni ndama? Mkamwacha anyonye mpaka akammaliza." Watu wakawa wanaitikia. Na kisigino kinanuka, Bibi. Ameshaambiwa akichelewa mguu utakatwa.

Juzi walikuwa uani wanayarudia hayo, mimi nachambua maharage. Sijui nilipatwa na nini. Nikasema, "Mjomba, ndama hakunyonya damu ya Bibi. Lile kopo nililiona kila siku, ni majimaji ya kidonda. Muulizeni mama mdogo, ndiye aliyemwosha siku ya mazishi."

Mama mdogo akasema, "Kidonda? Kilibaki kidogo kama ukucha."

Mjomba akanigeukia. "Kumbe huyu bubu anaongea. Haya, basi huyo ndama utamchunga wewe."

Amekubali. Tunaondoka Jumatatu. Ningepaswa kufurahi, ila naogopa. Akifa, nitakuwa mimi niliyempeleka. Akipona nitafurahi, halafu nitauliza kwa nini yeye, kwa nini sio wewe, na sijui nitamuuliza nani. Niliwaambia kama mtu anayejua. Sijui, Bibi. Nilichokijua ni lile kopo tu, na ule ukucha.

Basi pumzika, usinisubiri nielewe. Mimi nitakaa upande wa mrija, usiku na mchana. Na ndama akiachia chuchu, nakuahidi, nitamwita nesi kwa sauti wodi nzima isikie.

Mjukuu wako,
Neema