Samadi ya Mama Mkwe

Jumamosi, 11 Januari 2025

Leo mume wangu Clement kapatwa na ndoto ya utajiri. Kasimama mbele ya nyumba, mikono kiunoni, anapima uwanja kwa hatua kama diwani anayezindua zahanati. Anataka kujenga fremu za biashara. Hapo hapo, mbele ya dirisha la sebule! Nikauliza mwanga utapita wapi. Akasema taa zipo.

Nikamwambia uwanja ule nimeshaupangia maua. Alicheka mpaka akakohoa. Eti hapo hata mbigili hazioti, sembuse maua. Halafu, kwa ukarimu wake, kanipa hadi mwisho wa Februari. Kikiota kitu, fremu atazipeleka upande wa nyuma. Kisipoota, nisimsumbue tena. Na hela ya bustani hatoi, nisije nikaota na hilo.

Nataka dirisha langu. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna wa kunicheka. Nikikaa pale na cherehani naona barabara, naona watu wa Utemini wanavyopita, naona mvua ikija. Vingine vyote humu ndani alichagua yeye, mpaka rangi ya mapazia.

Jumatatu, 13 Januari

Nimechimba. Huo nao ni udongo? Changarawe, mabonge ya saruji, kandambili moja, nusu sufuria. Fundi Mazengo alitujengea nyumba, kisha akazika taka zake zote mlangoni petu na kulipwa juu. Nimemwaga ndoo ya maji. Yamepita moja kwa moja, hata kuaga hayakuaga.

Nikatafuta ushauri kwenye simu. Dada mmoja mwenye kucha ndefu anasema changanya udongo wa msituni, mboji ya kununua na chengachenga nyeupe za dukani. Kavaa glavu, hana hata tone la jasho. Mimi nina jembe linalotoka mpini na maganda ya viazi. Nimeyafukia, na majani makavu, na majivu kidogo. Mgongo hauna hamu.

Alhamisi, 16 Januari

Kwenye mashine ya kukamua alizeti wanafagia vumbi la mashudu na kulitupa. Bure! Nikajaza viroba nikijiona mtaalamu wa kilimo. Nikalimwaga juu ya matuta, nikamwagilia, nikaingia ndani kunywa chai yangu.

Jamani. Singida hii, mtu na akili zake, kamwaga chakula cha kuku nje na kwenda kunywa chai! Kutoka nje, kuku wote wa jirani yangu Febronia wako pale, na wageni wao wa mtaa wa pili. Wamechakura mpaka maganda ya viazi yako barazani. Febronia kaegemea uzio, anawatazama kwa fahari, akanishukuru kwa moyo wangu wa kutoa. Clement alipita akasema bustani imechangamka.

Nilicheka nao. Ndani nilikuwa nachemka.

Jumapili, 26 Januari

Dawa ni samadi, kila mtu anajua. Na samadi iko Mwankoko, zizini kwa mama mkwe, imelala pale miaka hadi imekuwa udongo mweusi. Shida ni mwenyewe. Anaitunza kuliko wengine tunavyotunza vyeti vya ndoa. Mwaka jana alimnyima mwinjilisti! Kwake samadi ni ya uwele, ya mtama, ya kitu kinachoingia chunguni. Akisikia maua, atanirudisha kwetu Kiomboi kwa miguu.

Baada ya ibada nikaenda. Nikapiga goti, shikamoo mama, nikapewa uji. Nikaanzia mbali: mvua, ndama, mgongo wake. Mwishowe nikaomba. Akauliza ya kupandia nini. Mdomo wangu, bila kunishirikisha, ukasema mlenda.

Alivyofurahi! Akasema kumbe Clement alioa mtu. Yaani miaka yote hii alikuwa bado anachunguza. Akaamuru mkokoteni wa punda, akasimamia upakiaji mwenyewe na fimbo yake: chukueni ya chini, ile kongwe, ya juu inaunguza mizizi. Njia nzima nilijisikia mwizi. Kisha nikashika konzi moja, laini, ina unyevu wake, na aibu ikapungua.

Jumanne, 4 Februari

Changarawe nimeitoa kwa chekeche aliyoisahau Mazengo. Angalau kuna kitu cha maana aliacha. Udongo uliobaki nimechanganya na samadi, nikatandaza nyasi, na juu ya nyasi miiba. Febronia ameulizia miiba ni ya nini. Nikamwambia ni ya wageni.

Mbegu nimeokota kanisani, za yale maua ya rangi rangi yanayojikaukia kando ya ukuta. Si wizi, yalikuwa yanadondoka.

Nimemwagilia. Maji yamekaa!

Jumatano, 12 Februari

Zimeota! Mstari kwa mstari. Clement kaona, kaenda kunywa chai kwa watu.

Ijumaa, 21 Februari

Lori la tofali. Wakati niko sokoni! Clement amezipanga kando ya matuta yangu, na Mazengo keshaitwa kesho aje kuvuta kamba. Nikamkumbusha makubaliano. Akasema alimaanisha kitu cha kuonekana, siyo vijiti vya urefu wa kidole. Na Februari bado haijaisha! Huyu ndiye mzee wa kanisa, anayesuluhisha ndoa za wenzake.

Nimelia nikiwa na hasira, kilio kibaya kuliko vyote. Cherehani sijaigusa.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika jikoni nimesimama, nikisingizia natafuta karai.

Asubuhi Mazengo kaja, kavuta kamba katikati ya maua yangu. Hajafunga fundo la pili, mama mkwe huyo getini. Hakupiga simu. Kaja na kibuyu cha mbegu za mlenda, kuangalia samadi yake inavyoendelea. Akaiona kamba, akaziona tofali. Akauliza polepole kunajengwa nini.

Clement akaeleza fremu, wapangaji, maendeleo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Udongo uliokula samadi ya ng'ombe wa baba yako, wewe unaulaza chini ya tofali?"

"Mama, hapa ni mjini."

"Huo mji umeusomea kwa ng'ombe wa baba yako. Ada yako ilitoka zizini. Udongo uliolishwa haujengewi. Toa kamba."

Mazengo hakungoja Clement. Kwao nao wana zizi, anajua. Akakunja kamba yake na kunisalimia upya, kwa heshima. Mzee wa kanisa kabaki kaangalia viatu vyake. Nikakimbilia ndani maana kigelegele kilikuwa kinanitoka.

Nilipotoka, mama mkwe kainama kwenye tuta la kwanza. Anang'oa. Mche mmoja mmoja, na mizizi yake. Alininong'onezea, ili mwanawe asisikie, kwamba atanisitiri, lakini mwanamke mzima haachi magugu yakawa mengi hivi. Kanituma karai la kuyatupia, kisha tupande mlenda.

Clement kasikia. Kanifuata hadi hapa jikoni. Tangu jana sijamwona na uso mzuri kama huu.

"Unamwambia wewe ni nini kile," kaniuliza kwa upole kabisa, "au nimwambie mimi?"

Nikimwambia ni maua, nimeiba samadi yake na kumdanganya juu yake. Ataondoka na fimbo yake, na kamba itarudi saa hiyo hiyo. Nisipomwambia, dirisha ni langu, na nitakachokuwa nakiona ni mlenda.

Anaita tena. Kwa sauti yake yuko tuta la pili, lile lililostawi zaidi. Clement kaegemea mlango, anasubiri.

Nimemwambia ni magugu, mama yake mwenyewe kasema. Makarai yako mawili. Nimechukua kubwa.