Kijani cha Chai Si Mboga

Alhamisi jioni. Mvua ya mawe imepiga Kericho mchana wote, na sasa kuna ule ubaridi unaoingia hadi ndani ya soksi. Nimejifunga leso mabegani, nimekaa kitandani na laptopu, na bado nasikia kichefuchefu.

Si ugonjwa. Ni mkutano.

Hotelini walitupikia vizuri sana. Kuku wa kienyeji, chapati, matunda yaliyokatwa yakapangwa kama maua. Nilikaa na sahani yangu nikiangalia watu wakila huku ramani ya mkutano bado inawaka ukutani, nikahisi kwamba nikimeza tonge moja litarudi. Niliifunika sahani kwa karatasi ya kupangusia mikono na kutoka nje.

Acha nieleze, maana wengine mnasoma hapa kwa mara ya kwanza.

Naitwa Cherotich, na kazi yangu ni makadirio ya maeneo madogo. Ukitaka kujua hali ya watoto katika nchi nzima, utafiti mmoja mkubwa unatosha. Lakini gari la kliniki haliendi nchi nzima. Linaenda Boito, au Kedowa, au kwetu Kapkatet. Na ukishuka hadi huko chini, unakuta ule utafiti mkubwa uligonga milango michache tu, na kwingine haukupita kabisa. Hapo ndipo tunaitwa sisi.

Mama yangu huwaambia majirani kwamba nalipwa kukisia maziwa ya ng'ombe ambaye sijamkamua. Hayuko mbali na ukweli. Tuseme umemwona ng'ombe akikamuliwa mara moja tu. Huwezi kusema mengi. Lakini ukiwajua ng'ombe wengi wa aina yake, wanaokula nyasi kama zake, unaweza kuchukua kidogo ulichokiona na kukichanganya na mengi unayoyajua, ukapata jibu lenye maana. Sisi tunaita kuazima nguvu. Si uchawi na si uongo. Naipenda kazi hii.

Ila ina masharti. Unayemwazima lazima afanane na wewe. Na ukitoa jibu, lazima useme una shaka kiasi gani. Bila hiyo, ni porojo iliyovaa tai.

Sasa nije kwa Boito.

Boito iko Konoin, upande wa Bomet. Kuna wakulima wadogo wenye chai yao, ng'ombe wao na mahindi nyuma ya nyumba. Halafu kuna mashamba makubwa ya kampuni, na ndani yake nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari, ambazo kila mtu huziita laini. Kwenye ramani hao wote ni watu wa sehemu moja. Kwenye sahani, sivyo.

Msimamizi wetu wa nyanjani ni Akinyi, rafiki yangu. Alizaliwa laini. Babake alitoka upande wa ziwa akaja kuchuna chai, na huko ndiko alikowalea watoto wake wote. Timu yake ilipofika kwenye geti la shamba kupima watoto, askari akawazuia, akasema hawana barua ya meneja. Akinyi akampigia simu mkubwa wetu. Mkubwa akamwambia wasipoteze siku, wachukue nyumba nyingine za karibu. Za karibu zilikuwa za wakulima wa kando ya lami, wenye ng'ombe wa maziwa. Watoto wakapimwa urefu kwenye ubao, wakazungushiwa mkononi ule utepe wa rangi, nyekundu kwa aliyekonda mno na kijani kwa aliye sawa, na walikuwa na afya njema. Namshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini kutoka laini hakupimwa mtoto hata mmoja.

Likaja la pili, na hili ndilo linalonitia kinyaa zaidi. Modeli yetu, ile hesabu ya kompyuta inayojaza mapengo, ikikosa watoto wa kutosha, huangalia vitu vinavyoonekana kila mahali: umbali wa barabara, aina ya mapaa, na jinsi ardhi ilivyo ya kijani kwenye picha za setilaiti. Mahali pengi kijani ni habari njema. Kijani ni mahindi, ni maharagwe, ni nyasi za ng'ombe. Sasa ilete modeli hiyo kwetu. Chai ni ya kijani Januari, ni ya kijani Agosti, ni ya kijani hata wakati wa kiangazi, mahindi ya wengine yakiwa yamekauka kama karatasi. Kompyuta ikaitazama Boito kutoka juu ikaona bustani ya Edeni.

Hakuna mtoto anayekula majani chai.

Niliona dalili wakati makosa ya modeli, yaani pale makadirio yalipopishana na vipimo, yalipojikusanya pamoja, karibu yote kwenye maeneo yenye mashamba makubwa. Makosa ya bahati hutawanyika. Yakikaa pamoja, kuna kitu yanakwambia. Nikampelekea Mkubwa ramani yenye safu ya kuonyesha shaka ya kila mahali, ambayo Boito nimeiacha nyeupe, na pembeni nimeandika kwa herufi kubwa: HATUJUI.

Sitamtaja jina. Ndiye aliyenifundisha kazi hii. Nilikuwa nakaa mstari wa mbele kumsikiliza, na ni yeye aliyetuambia darasani kwamba mtu wa takwimu anayeficha shaka yake hana tofauti na mwizi. Mtu huyo huyo aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba wafadhili hawalipii mapengo. Kwamba tukisema hatujui, kazi itapewa wanaosema wanajua. Kwamba rangi iliyotoka kwenye modeli ndiyo jibu bora tulilo nalo, na watu wanataka rangi. Alikuwa amechoka, macho mekundu. Nilitaka kumwonea huruma nikashindwa.

Jumamosi nikaenda Boito mwenyewe. Akinyi alinipeleka kwa binamu yake Rose, anayekaa laini. Ukiingia kama mgeni wa mtu, geti halidai barua.

Rose bado anachuna. Mume wake aliachishwa kazi mashine za kuchuna zilipoletwa, sasa anazunguka akitafuta vibarua. Kwenye kizingiti alikuwa ameketi binti yao, Mitchelle, akichovya ugali wa jana ndani ya kikombe cha strungi, chai isiyo na maziwa. Nilimdhania ana miaka miwili. Rose akaniambia anakaribia minne. Hakulalamika. Alinieleza kwamba tangu gari la kliniki lianze kuegesha karibu na banda la kupimia majani, utepe wa Mitchelle umetoka kwenye nyekundu umefika kwenye njano, kwa sababu ya vile vipakiti vya lishe ya njugu wanavyopewa hapo. Halafu akaniuliza kama ni kweli gari litaondolewa, maana wakiambiwa waende mpaka Kapkatet hataweza kila wiki.

Nilimwambia sijui. Lilikuwa jibu la kweli na lilinichoma.

Mtoto mmoja si takwimu. Najua hilo kuliko watu wengi. Hata zile nyumba nilizopitia siku hiyo hazikuwa sampuli, zilikuwa nyumba za jamaa ya rafiki yangu. Sikwenda kutafuta namba. Nilikwenda kuona kama pengo langu lina watu.

Lina watu.

Basi leo. Ukumbi wa hoteli hapa mjini, kamati ya kuamua gari la kliniki liende wapi, kutoka kaunti zote mbili, Kericho na Bomet, projekta, thermosi za chai ya maziwa kwenye kila meza. Mkubwa akafungua ramani. Mahali nilipoacha weupe palikuwa kijani kibichi, kijani cha kupendeza, na ile safu yangu ya kuonyesha shaka haikuwepo. Jina langu lilikuwepo. Lilikuwa kwenye kona ya chini, kama mtayarishaji.

Akaeleza kwamba gari ni moja, na lazima litoke mahali watoto wako sawa liende mahali wanaumia. Yaani litoke Boito liende Kedowa. Sina kinyongo na Kedowa. Kule timu iliingia kila nyumba iliyopangiwa, na matokeo yalikuwa mabaya waziwazi. Wanalihitaji gari. Lakini uamuzi ulikuwa wa kulinganisha sehemu mbili, na moja hatukuipima. Mtu mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kuridhika kwamba watu wa majani chai siku zote wamekuwa sawa. Wengine wakaitikia kwa vichwa huku wakikoroga sukari.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Akauliza ni nani aliyechora ramani. Mkubwa akanionyesha kwa mkono wazi, kama anayenizawadia kitu.

"Binti yangu," mama akaniuliza, "huku Boito mna uhakika?"

Nikasimama. "Hapana, mama. Boito hatujui. Laini hatukuingia."

Hapo Mkubwa akatabasamu, akasema Cherotich ni mwanasayansi wa kweli, hata akinyeshewa atakwambia kuna uwezekano wa mvua.

Wakacheka.

Walicheka wote, hata wale ninaowaheshimu. Mvua ya mawe ilikuwa inagonga mabati, kwa hiyo utani ulinoga zaidi. Nilikuwa bado nimesimama, na kicheko kilipokwisha walikuwa wameshafika kwenye kura. Mikono ikapanda. Ikapita. Chakula kikaletwa.

Nimejaribu jioni hii kutafuta mtu mbaya katika ukumbi ule na simpati. Walicheka kama watu waliotuliwa mzigo. Mimi nilikuwa nimewaletea shida na yeye amewapa rangi, nani asingechagua rangi? Na hilo ndilo linaloniuma. Ningekuwa na mtu wa kumchukia ningepata nafuu. Badala yake nimebaki na kinyaa kwa kitu ninachokipenda, kazi ya mikono yangu, iliyooshwa ikapakwa mafuta ikatumwa kudanganya.

Akinyi alikuwa nje kwenye veranda akinisubiri. Watu wa nyanjani hawaalikwi kwenye mikutano hii. Nikamweleza. Akaangalia barafu ikiyeyuka kwenye nyasi. Kisha akaniuliza jambo moja tu: jina langu lilikuwa limeandikwa pale au la.

Nikarudi ofisini nikiwa na viatu vilivyolowa. Nikawaandikia wajumbe wote wa kamati. Nikawapelekea ramani ya kwanza, pamoja na safu ya shaka. Nikaeleza habari za geti, na nyumba za kando ya lami, na jinsi kompyuta ilivyoona chai ikadhani ni chakula. Nikaomba jina langu liondolewe kwenye ile nyingine. Nakala nikamtumia Mkubwa pia, sikutaka kumsema mtu nyuma ya mgongo wake. Nilituma.

Yeye ndiye aliyejibu wa kwanza. Akasema naonekana nimechoka, nichukue likizo kuanzia kesho, atanijulisha wakati wa kurudi. Hapa mjini kila mtu anajua likizo ya namna hiyo inamaanisha nini. Hakuna neno hata moja aliloandika kuhusu Boito.

Kisha simu ikaita. Alikuwa Mwenyekiti. Akaniomba nimweleze tena lile jambo la kijani, polepole, kama namweleza mtoto wa darasa la nne. Nikamweleza. Akaniambia kwamba ameishi jirani na shamba la chai miaka mingi, na kila alipopita alijisemea kwamba huku kuna neema. Hakuomba msamaha kwa kucheka na sikumwuliza. Akasema amewapigia wenzake wachache na uamuzi umesimamishwa. Gari halitaondoka Boito mpaka watoto wa laini wapimwe, na barua ya meneja ataitafuta yeye mwenyewe.

Nilipaswa kufurahi.

Lakini niliuliza kuhusu Kedowa, naye akasema Kedowa watangoja. Gari ni moja. Kwa hiyo kuna mama huko ambaye angemwona nesi mwezi huu na sasa hatamwona, kwa sababu sisi tulikataa kungoja barua ya siku chache kwenye geti. Hilo halimo katika ramani yoyote. Nimekaa nalo tangu nilipokata simu.

Mwenyekiti alikuwa ameniuliza pia kama ningeenda kupima, likizo au si likizo. Nikakubali kabla sijafikiri. Baada yake nikampigia Akinyi. Nilimwambia ukweli wote: kwamba huenda nimeshafutwa, kwamba akija na mimi na yeye anaweza kufutwa, na kwamba ana watoto shuleni na sitamlaumu akikataa. Nilisikia mtu akifunga dirisha upande wake.

"Tutaondoka saa ngapi?" akasema.

Kuna swali moja ambalo sijamwambia, na naliandika hapa ili kesho lisinikimbie. Itakuwaje tukipima laini zote, nyumba kwa nyumba, na tukute watoto wengi wako sawa? Itakuwaje kama Mitchelle ni mmoja wa wachache, na ile rangi ya Mkubwa ilikuwa sahihi kwa bahati tu?

Basi nitaandika hivyo. Nitaweka jina langu, gari litaenda Kedowa, na mimi ndiye nitakayekwenda kumwambia Rose.